Habari za mazingira na sayansi darasani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na walimu wa Unguja na Pemba

Majibu haya ni ya walimu wa sayansi, jiografia na hisabati kuanzia darasa la 5 hadi kidato cha 4, hasa wa skuli zisizo na maabara iliyokamilika. Vifaa vyote vilivyotajwa vinapatikana dukani, jikoni au pwani.

Habari ipi inafaa kuingia darasani, na ipi iachwe?

Jiulize kwanza kama wanafunzi wanaweza kupima, kuhesabu au kuchunguza kitu kinachohusu habari hiyo. Wasipoweza, itabaki maneno ya kukariri. Mkutano wa kimataifa wa tabianchi ni habari kubwa, lakini darasa la 6 la Wingwi halina la kufanya nao zaidi ya kulijua jina la mji ulikofanyika. Mwani uliokatika Jambiani, kisima kilichoanza kuwa na chumvi, masika yaliyochelewa, matumbawe yaliyogeuka meupe: hizo zinashikika.

Usiikimbilie habari siku ileile. Siku za mwanzo idadi hubadilika, sababu hutajwa kisha hukanushwa, na mwalimu hujikuta anafundisha uvumi kwa chaki. Ingoje siku tatu au nne. Habari ya sayansi iliyo nzito haichachi kwa wiki moja.

Silabasi yenyewe inanikimbiza. Nitapata wapi nafasi?

Usiongeze kipindi, badilisha mfano. Mada ya kutanuka kwa vitu kwa joto imo katika fizikia tayari: ifundishe kwa kina cha bahari. Minyororo ya chakula na sumu mwilini vimo katika baiolojia: vifundishe kwa kasa na bunju. Wastani, grafu na asilimia vimo katika hisabati: wape vipimo vya mvua walivyochukua wenyewe.

Habari moja kwa muhula, kwa vipindi vitatu, inatosha. Kipindi cha kwanza wasome habari na kutoa maswali, cha pili wapime, cha tatu wahesabu na kuandika. Mtindo wa "habari ya wiki" unaonekana mzuri kwenye ubao wa matangazo, lakini mwanafunzi hupita juu ya mambo kumi asiingie ndani ya hata moja.

Habari zipatikane wapi bila kumaliza bando?

Nakala moja ya Zanzibar Leo inatosha darasa zima: kata habari, ibandike kwenye kadi ya boksi, vikundi vipokezane. Taarifa ya habari ya ZBC redio inaweza kurekodiwa kwa simu na kusikilizwa tena bila intaneti. Upande wa kaskazini Pemba kuna Radio Jamii Micheweni, ambayo huzungumzia mambo ya kijijini yasiyofika magazetini. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) zipakue ukiwa kwenye kituo cha walimu, uzihifadhi kwenye simu. Wavuvi na wakulima wa mwani nao ni chanzo, na mara nyingi hujua kabla ya gazeti. Kazi ya darasa ni kuandika wanachosema pamoja na tarehe na mahali.

Wanafunzi wanakuja na klipu za WhatsApp. Nizikatae?

Hapana, zitumie. Kila mwaka huzunguka ujumbe kwamba usiku wa leo zima simu kwa sababu miale hatari kutoka anga za juu itapita karibu na dunia. Uandike ubaoni kama ulivyo, kisha uuchunguze na darasa kwa maswali haya: Nani amesema, na ametajwa kwa jina na taasisi? Tarehe iko wapi, au imeandikwa "leo usiku" tu? Kama ni kweli, nini kingine kingetokea? Nani mwingine angepaswa kuwa amelisema?

Swali la tatu ndilo lenye sayansi. Miale inayotoka anga za juu hufika duniani kila sekunde, mchana na usiku, na simu iliyozimwa haiizuii wala haiivuti. Mwanafunzi akilifikia hilo mwenyewe, hahitaji kuambiwa kwamba ujumbe ni wa uongo.

Kwa picha na video, waangalie vitu vilivyo pembeni: namba za magari, mabango, nguo, aina ya miti, upande wa barabara magari yanakopita. Video ya mawimbi inayodaiwa kuwa ya Forodhani huku magari yanapita upande wa kulia haikupigwa Forodhani.

Vifo vya nyama ya kasa Pemba: vinafundishika?

Vinafundishika, na kwa maoni yetu hakuna habari ya hapa nyumbani yenye sayansi nyingi kuliko hiyo. Ila inataka uangalifu. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakapelekwa hospitali. Novemba 2021 watu 7 walikuwa wamefariki Pemba kwa sababu hiyohiyo. Kama skuli yako iko karibu na huko, zungumza na mwalimu mkuu kwanza, na usimwite mwanafunzi yeyote asimulie ya kwao.

Darasani kauli tatu hujitokeza kila mara. Ya kwanza: "kasa alikuwa ameoza." Sumu hii haitokani na kuoza, nyama mbichi kabisa, iliyopikwa vizuri, inaweza kuwa nayo, na moto wa jikoni hauiharibu. Ya pili: "ametiliwa sumu." Kinachodhaniwa na wanasayansi ni kwamba kasa hula mwani au viumbe vyenye sumu, nayo ikajikusanya mwilini mwake bila kumdhuru yeye. Ya tatu ndiyo ngumu: "wazee wetu wamekula miaka yote." Ni kweli kwamba wengi wamekula wasidhurike, kwa sababu si kila kasa ana sumu hiyo. Lakini hakuna dalili ya nje inayomtofautisha mwenye nayo na asiye nayo, si rangi, si harufu, si ukubwa.

Hapo ndipo pa kuingiza hesabu ya uwezekano. Chukua mfuko wenye gololi 19 nyeupe na moja nyeusi. Kila mwanafunzi achomoe moja bila kutazama, arudishe, hadi atakapoipata nyeusi. Wengine watachomoa mara 40 hawajaiona, wengine wataipata mara ya pili. Waulize: aliyechomoa mara 40 salama amethibitisha nini? Waambie wazi kwamba 1 kati ya 20 ni namba ya mchezo, si kipimo cha kasa wa kweli, ama wataiandika kwenye mtihani.

Kisha linganisha na bunju, ambaye kila mtoto wa pwani ameshaonywa asimle. Sumu ya bunju inajulikana kikemia, inatengenezwa na bakteria, nayo pia haiondoki kwa kupikwa. Sumu ya kasa kemikali yake haijathibitishwa, wala haina dawa ya kuiondoa. Hospitali hutibu dalili tu. Wanaoathirika zaidi ni watoto, na inaweza kupita katika maziwa ya mama. Usimalize kipindi bila kutaja kwamba kasa analindwa na sheria, na kwamba anayejisikia vibaya baada ya kula nyama yake apelekwe hospitali mara moja hata kama dalili ni ndogo.

Bahari inapanda milimita chache kwa mwaka. Mtoto anayeona maji yakipwa na kujaa mita nzima ataelewaje?

Anza na hilohilo analoliona. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa kwetu hukaribia mita 4; maji mafu hushuka hadi kiasi cha mita 1. Wastani wa kupanda kwa bahari duniani sasa ni kama milimita 4 kwa mwaka. Kwa miaka 50 hiyo ni sentimita 20 ikiwa kasi haitaongezeka, ilhali imekuwa ikiongezeka. Mwanafunzi mwerevu atauliza: sentimita 20 ni nini mbele ya mita 4?

Jibu lipatikane pwani kwa mpira wa maji, ule ule wa mafundi ujenzi: bomba la plastiki linalopenyeza mwanga, la kama mita 13 ili ncha zake zipande kwenye miti, limejazwa maji. Simamisha mti wenye alama za sentimita kwenye mstari wa maji makuu (pale pumba na majani makavu yalipobaki), na mwingine mita 10 chini kuelekea baharini. Shikilia ncha za bomba kwenye miti yote miwili. Maji yakitulia, usawa ni mmoja. Toa alama ya maji ya mti wa juu kwenye ile ya mti wa chini, utapata mteremko. Ufukwe unaoshuka sentimita 20 kwa mita 10 maana yake ni kwamba bahari ikipanda sentimita 20, mstari wa maji makuu utaingia ndani mita 10. Watembee hatua hizo 10 kuelekea minazini na waangalie kilichopo: banda la boti, kisima, barabara, kaburi.

Kinachoharibu kipimo ni mapovu ndani ya bomba. Povu moja la urefu wa kidole linatosha kuleta kosa la sentimita kadhaa. Jaza bomba kwa kunyonya maji kutoka kwenye ndoo iliyo juu, uyaache yatiririke hadi yasiwe na povu, ndipo uzibe. Kosa la pili ni kusukuma mti mchangani katikati ya zoezi. Uweke kibati chini yake.

Na jaribio la barafu?

Gilasi mbili za ukubwa mmoja. Katika ya kwanza weka jiwe linalozidi usawa wa maji, na barafu juu ya jiwe. Katika ya pili barafu ielee. Weka alama ya maji kwenye zote mbili, subiri iyeyuke. Ya kwanza itapanda, ya pili itabaki pale pale. Ndiyo tofauti ya barafu ya Greenland na Antaktika iliyo juu ya ardhi, na ile ya bahari ya ncha ya kaskazini inayoelea.

Mara nyingi hushindwa kwa sababu maji ya gilasi ya pili ni machache, barafu ikakaa chini badala ya kuelea. Vilevile bonge zima la barafu ya mfuko halitayeyuka ndani ya dakika 40. Livunje vipande vya ukubwa wa gololi. Na iwe barafu ya maji matupu. Barafu ya ubuyu ina sukari, itakuharibia hesabu, na haitafika mezani yote.

Usiishie hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya kupanda kwa bahari inatokana na maji kutanuka kwa joto. Jaza chupa ndogo ya kioo hadi juu kwa maji ya rangi, ziba kwa kizibo chenye mrija mwembamba, iweke kwenye bakuli la maji ya moto. Maji ya mrija yatashuka kidogo kwanza (kioo hutanuka kabla), kisha yatapanda. Wanafunzi wakiuliza kwa nini yalishuka, umepata kipindi kizuri.

Je, Zanzibar itazama?

Hapana, na mwanafunzi aambiwe hivyo bila kuzungushwa. Kilima cha Masingini kinapita mita 100 juu ya bahari. Kitakachopata shida ni kingo: visima vya pwani, mabonde ya mpunga yanayoingiliwa na maji ya chumvi, fukwe zinazomegeka, mikoko iliyokatwa. Mtoto anayeamini kisiwa chote kitatoweka huona hakuna la kufanya. Anayejua kwamba bonde fulani linaingiliwa kupitia mkondo fulani anaweza kuuliza kuhusu tuta.

Jaribio la chupa mbili, moja na hewa ya ukaa, linaonyesha ongezeko la joto duniani?

Tunashauri uliache. Ni lile la siki na magadi kwenye chupa moja, hewa ya kawaida kwenye nyingine, zote juani, na kipima joto ndani. Mara nyingi chupa ya hewa ya ukaa hupata joto zaidi kweli, lakini sababu kubwa ni kwamba hewa hiyo ni nzito, hutulia chini na haichanganyiki upesi na ya nje, kwa hiyo joto halitoki. Jibu linafanana na la kitabu, sababu ni nyingine.

Badala yake tumia hesabu. Kabla ya viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280 kwa kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420. Waombe wapate ongezeko kwa asilimia (ni 50). Halafu wape punje za mchele: punje 420 kati ya milioni moja ni chache mno, basi zinawezaje kuathiri? Jibu: naitrojeni na oksijeni, ambazo ni karibu hewa yote, haziushiki mwanga wa joto unaotoka ardhini, hewa ya ukaa na mvuke wa maji huushika. Uchache haumaanishi udhaifu: hata sumu ya bunju, kidogo tu huua.

Uwe macho pia na mchanganyiko wa kudumu: wanafunzi wengi huandika kwamba dunia inapata joto kwa sababu ya tundu la ozoni. Ni mambo mawili tofauti. Ozoni huzuia mwanga wa urujuanimno, na mkataba wa Montreal wa 1987 umesaidia tabaka lake kuanza kupona.

Nikitia simbi kwenye siki, nimefundisha bahari kuwa na asidi?

Nusu tu. Siki ya dukani ina pH ya kama 2.5, bahari ni kama 8.1, na kabla ya viwanda ilikuwa kama 8.2. Bahari bado ni besi. Mwanafunzi akiona simbi linatoa mapovu kwenye siki ataondoka akiamini konokono wa baharini wanayeyuka huko Chwaka. Mwambie kwamba kinachotokea ni kupungua kwa madini ambayo matumbawe na kombe hujengea magamba: wanajenga kwa shida zaidi.

Jaribio lililo karibu na ukweli ni la pumzi. Gilasi moja ya maji ya mvua, moja ya maji ya bahari, na matone yaleyale ya kionyesho cha maabara (kile cha rangi nyingi) katika zote mbili. Mwanafunzi apulizie kwa mrija, kila mmoja na mrija wake, kupuliza na si kunyonya. Maji ya mvua hubadilika rangi upesi. Ya bahari huchelewa, kwa sababu yana chumvi zinazopinga mabadiliko ya pH. Andikeni sekunde. Huna kionyesho? Chemsha choya, lakini tia matone machache, kwani choya yenyewe ni chachu na ikizidi itafuta tofauti yote.

Habari za mwani kufa zifundishwe vipi?

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni wanawake; huenda mama wa nusu ya darasa ni mmoja wao. Kuna aina mbili: spinosamu, unaovumilia zaidi, na kotonii, wenye bei kubwa zaidi lakini unaoathirika na joto. Maji ya kina kifupi yakipata joto kali, au mvua ikipunguza chumvi, matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika, kisha bakteria humalizia. Ndiyo maana baadhi ya wakulima wameuhamishia mwani kwenye kina kirefu, na hapo linakuja suala la nani anajua kuogelea na nani ana boti.

Zoezi: kwa ruhusa ya mwenye shamba, fungeni vishada vitatu vya gramu 100 kwenye kamba ya kina kifupi na vitatu kwenye kina kirefu. Pimeni kila baada ya siku 7, baada ya kukung'uta maji mara tano kwa namna ileile. Kishada kilichofika gramu 200 kwa siku 14 kimekua kwa karibu asilimia 5 kwa siku. Vishada viwe vitatu kila upande kwa sababu kimoja hakika kitaliwa na samaki au kuchukuliwa na wimbi.

Joto la maji lipimwe maji yakiwa yamepwa, saa 6 hadi 8 mchana ikiwezekana, na kipima joto kisomwe kikiwa ndani ya maji. Ukikitoa, upepo hukipoza kabla hujasoma. Kabla ya safari, vitie vipima joto vyote kwenye maji yenye barafu. Vile visivyosoma 0 viandikwe kosa lake kwa kalamu ya wino.

TMA walisema kimbunga kinakuja, hakikuja. Wanafunzi wanasema ni waongo.

Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitabiriwa kuelekea pwani ya Tanzania, kikapoteza nguvu kabla ya kufika. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia. Na aliyesema visiwa vyetu havijawahi kupigwa aambiwe kuhusu Aprili 1872, kimbunga kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Utabiri ni uwezekano, nao unaweza kupimwa. Kwa siku 30 andikeni utabiri wa mvua wa Kanda yenu, na pembeni yake kilichopatikana kwenye kipima mvua cha skuli. Hesabuni mara ngapi ulilingana, mara ngapi mvua ilitabiriwa haikunyesha, na mara ngapi ilinyesha bila kutabiriwa. Kumbusheni kwamba "mvua katika baadhi ya maeneo" ni sahihi hata kama imenyesha Mkoani na Wete kumekauka.

Kipima mvua: chupa ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka, ikatwe pale shingo inapoanza kubana, kipande cha juu kigeuzwe kiwe faneli. Chini tia kokoto na maji hadi sehemu iliyonyooka, hapo ndipo sifuri. Bandika rula. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa mita moja ya mraba, na hapo waweza kuhesabu maji yanayoanguka juu ya bati la darasa lenu. Isomwe saa 3 asubuhi kila siku, Ijumaa na Jumapili pia, kwa zamu ya wanaoishi karibu. Umbali kutoka mti au ukuta uwe angalau mara mbili ya urefu wake. Kipima mvua kilicho chini ya mwembe kinapima mwembe. Usisahau mbuzi, kizungushie uzio wa makuti.

Plastiki: zaidi ya kuokota taka, kuna nini?

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, Tanzania Bara 1 Juni 2019. Swali zuri la darasa ni kinachopatikana ufukweni leo. Pimeni mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwenye mstari wa pumba, chukueni mchanga wa juu sentimita 3, mkaushe, mpitishe kwenye chekecheke ya matundu ya milimita 1. Kilichobaki mtie kwenye ndoo ya maji yaliyokolezwa chumvi, gramu 350 kwa lita. Mchanga huzama, plastiki nyingi huelea. Plastiki ya chupa za maji ya kunywa huzama hata humo, kwa hiyo usitangaze kwamba "hazipo". Nyuzi za kamba za mwani na nyavu mara nyingi ni nyingi, na hilo huleta mjadala ulio mgumu kuliko kulaumu watalii.

Mwanafunzi akisema "ni qudra ya Mungu"?

Mkubalie na uendelee: naam, nasi tunachunguza inavyotokea. Hakuna haja ya mabishano, na mwalimu anayeyafungua hupoteza kipindi na wazazi. Katika Ramadhani, safari za pwani zisogezwe hadi baada ya Idi. Wapime mvua na kivuli cha jua, kazi zisizochosha.

Safari ya pwani ipangwe saa ngapi?

Mungu ametupa nafasi hapa: siku za bamvua maji hupwa kabisa kama saa 4 hadi 5 asubuhi, yaani ndani ya saa za skuli. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Ingieni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na yakigeuka nanyi mgeuke. Mpe taarifa sheha na kamati ya uvuvi, viatu kwa kila mtoto, mtu mzima mmoja kwa watoto 10, na mmoja ambaye kazi yake ni kutazama maji tu. Sehemu iliyofungwa kwa ajili ya pweza isikanyagwe, hata "kuangalia kidogo".

Mwaka 2024 ulipita nyuzi 1.5. Lengo la Paris limevunjwa?

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza Januari 2025 kwamba 2024 ulikuwa na joto la takriban nyuzi 1.55 zaidi ya wastani wa 1850 hadi 1900. Lengo la Paris, la mataifa kujitahidi joto lisizidi nyuzi 1.5, linahusu wastani wa muda mrefu, si mwaka mmoja. Wape alama za majaribio kumi za mwanafunzi wa kubuni, wachore wastani wa tano tano, waone jaribio moja linavyoweza kuruka bila wastani kuruka nalo.

Nitasahihishaje kazi kama hizi?

Kati ya alama 20, toa 8 kwa vipimo vilivyoandikwa na tarehe, mahali na kizio. 6 kwa hitimisho linalotoka kwenye vipimo hivyo na si kwenye kitabu. 4 kwa kutaja kilichoweza kuharibu kipimo. 2 kwa unadhifu. Aliyepata jibu "lisilotarajiwa" na akaliandika kama lilivyo asipoteze hata alama moja. Ukimkata, mwakani wote watakuletea namba za kitabu.

Kuna habari ya sayansi inayoweza kupangwa mapema?

Kupatwa kwa jua. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kizima kitapita Luxor, Jeddah na Makka. Hapa kwetu jua litaonekana limemegwa. Itakuwa siku za mwisho za Mfunguo Tano, na wanafunzi waulizwe kwa nini jua halipatwi katikati ya mwezi.

Miwani ya jua, filamu ya eksirei na kioo kilichotiwa masizi havilindi macho. Tumieni kioo cha kujitazamia: kifunike kwa karatasi yenye tundu la milimita 5, kielekeze mwanga wa jua ndani ya darasa lenye giza, ukutani umbali wa mita 10. Taswira ya jua itakuwa na upana wa kama sentimita 9, kubwa ya kutosha darasa zima kuitazama wakiwa wamelipa jua mgongo. Kioo kikitikisika mkononi picha itacheza. Kiegemeze kwenye bakuli la mchanga. Fanyeni jaribio hilo wiki moja kabla, siku ya kawaida, mhakikishe duara linatokea, na mpate fursa ya kupima linavyotembea ukutani kila dakika dunia inapozunguka.